Namba ya Jirani ni Mali ya Nani?



Vijana wetu wanne waliosomea mambo ya kompyuta wameanza kutengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto wa shule, na wazazi wao pia, namna ya kutunza siri zao katika simu. Kazi ni njema. Mtoto huulizwa: mtu usiyemjua akikuomba namba ya siri ya mama, utafanyaje? Programu ya tochi yaomba kusoma orodha ya majina ya rafiki zako. Ya nini kwa kazi ya kumulika? Ajibuye vema apata nyota.

Walinipa niione, nami nikasifu. Lakini ukurasa wa kwanza ulimtaka mtoto aandike jina lake, shule yake, umri wake na namba ya simu ya mzazi. Nikauliza sababu. Wakajibu kwa unyofu kwamba mfadhili atataka kujua ni watoto wangapi waliofundishwa. Jibu hilo si la kudharauliwa, maana atoaye fedha ana haki ya kujua zilivyotumika. Hata hivyo kuhesabu watu si sawa na kuandika majina yao. Tukihesabu waliofika ibadani Jumapili twaandika idadi tu, wala hatumuulizi mtu alala nyumba gani. Tena sheria ya nchi yetu ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, wala zisizidi haja yake.

Mmoja wao akaleta hoja nzito zaidi. “Lakini Mzee, mwenyewe akiridhia, kosa liko wapi?”

Hapo nilikaa kimya kidogo. Ridhaa ya mtoto wa miaka kumi anayetamani nyota ni nyepesi mno, hilo kila mzazi alijua. Ila hata ridhaa ya mtu mzima ina mpaka. Twawajua waliokopa fedha kwa simu. Mkopaji abonyeza “kubali”, na orodha yake yote ya majina yachukuliwa. Akichelewa kulipa, shemeji yake, mwalimu wa mwanawe na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wote wapelekewa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopaji aliridhia, ni kweli. Lakini shemeji aliulizwa na nani? Namba ya jirani niliyo nayo nilipewa niipige akiugua mtu, au mbuzi wake akiingia shambani kwangu. Ni amana. Mtu akikuwekea baiskeli yake uani, huwezi kumwazima mpita njia kwa kuwa tu ufunguo wa ua unao wewe.

Nilikuwa nimepata moto wa kusema, mpaka binti mmoja aliponyosha kidole kwa adabu kuelekea mezani. Daftari letu la michango lilikuwa wazi, lina majina, namba za simu, na nani bado hajatoa. Kila aliyepita ofisini wiki ile alikuwa ameweza kulisoma. Niliona haya, nami sikuwa na la kujibu.

Ukurasa ule wa kwanza wameuondoa. Sasa nyota za mtoto zabaki ndani ya simu yenyewe, na somo lafanya kazi hata pasipo intaneti. Idadi wataipata kwa njia nyingine: duka la programu la Google humwonyesha mtengenezaji ni simu ngapi zilizoipakua, bila majina ya wenyewe, na walimu waweza kuhesabu mikono darasani. Barua ya kumweleza mfadhili imekwisha kupelekwa, jibu bado. Daftari nimelifungia kabatini.