Masurufu ya Siku ya Pili

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kiliikaribia pwani yetu ya kusini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Mvua kubwa iliyoandamana na kimbunga hicho ilibomoa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara mahali kadhaa katika wilaya ya Kilwa, hasa upande wa Somanga. Kwa siku kadhaa mabasi na malori yalisimama misururu, mengine ng'ambo hii ya maji na mengine ng'ambo ile. Watu waliokata tiketi ya safari ya siku moja walijikuta wakilala njiani, wala hakuna aliyeweza kuwaambia kwa hakika wataondoka lini.

Hatuandiki leo habari za kimbunga hicho, kwani zimekwisha kuandikwa. Twataka kuliuliza swali moja ambalo kilituachia, nalo ni swali la dhamiri. Msafiri akikwama njiani bila maji, bila chakula na bila dawa yake, shida hiyo ni ya nani? Je, ni yake peke yake? Ni ya mwenye basi? Ni ya Serikali? Au ni ya kijiji ambacho basi limesimama mbele yake?

Watu wa pwani hii zamani walikuwa na desturi ambayo yafaa kuikumbuka kabla ya kujibu. Safari zao za baharini zilitegemea pepo mbili. Kaskazi ilivuma tangu kama mwezi wa Desemba hata Machi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha ikashika Kusi, ikayarudisha makwao. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 kwa kufuata majira ya pepo hizo hizo. Nahodha aliyechelewa kutweka tanga hakuchelewa kwa saa mbili au tatu: aliukosa msimu, akangoja miezi mingi hata upepo urudi. Kwa hiyo kungoja hakukuhesabiwa kuwa ajali ya safari. Kulikuwa ni sehemu ya safari yenyewe, na mtu aliyepakia chombo alipakia pia maji na chakula cha siku za kungoja. Hakuna aliyemwita mwoga kwa kufanya hivyo. Walimwita nahodha.

Nchi kavu nayo ilikuwa na kungoja kwake. Wako wasomaji wetu wengi wanaokumbuka kuvuka mto Rufiji kwa pantoni, kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kufunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja hilo, kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka mingi, na masika yalipofika magari yalizama humo, abiria wakalala porini. Siku zile abiria wa kusini alijua kufunga chakula. Mama hakupanda basi bila chupa ya maji na kanga ya kumfunika mtoto usiku.

Lami ilipokamilika, mambo yalibadilika. Basi likaondoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Lindi siku ile ile. Ni neema kubwa, nasi hatutamani kurudi nyuma. Lakini lami imetufundisha pia kusahau. Kwa kuwa tumefika salama mara hamsini, twadhani tumeahidiwa kufika salama mara ya hamsini na moja. Barabara haikutuahidi kitu. Ilituzoeza tu, na mazoea si ahadi.

Mtu wa Likawage hana nafasi ya kusahau hivyo. Likawage iko bara, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, mbali na barabara ya lami. Njia za upande huo ni za udongo, na wakati wa masika kijito kilichovukwa asubuhi kwa miguu mikavu chaweza jioni kuwa mto usiovukika. Mtu wa huko atakaye kumpeleka mgonjwa wake katika hospitali ya Kinyonga, pale Kilwa Kivinje, hana budi kujiuliza maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni hili: "Tutafika saa ngapi?" Hilo twaliuliza sote. La pili ni hili: "Tusipofika, tutalala wapi, tutakula nini, na nani atajua tulipo?" Hilo la pili ndilo ambalo sisi wa lami tumeacha kuliuliza.

Wako watakaotujibu kwamba kuliuliza ni kujitabiria mabaya, na kwamba mwenye imani humwachia Mungu safari yake. Tunaiheshimu imani, lakini hoja hii hatuikubali. Achimbaye kisima haombi ukame uje, wala mkulima awekaye mbegu ghalani haombi shamba lake lifurike maji. Kumtumaini Mungu si kumwagiza atuletee chupa ya maji tuliyoiacha mezani. Yeye aliyetupa akili ya kukumbuka masika ya mwaka jana ametaka tuitumie kabla ya masika ya mwaka huu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya umaskini. Mathalani, mama wa Likawage ameuza ufuta wake kidogo ili apate nauli ya kwenda Muhimbili na mtoto. Nauli imemaliza fedha zote. Je, tumwambie abebe na chakula cha siku tatu? Ni rahisi kwa mwenye kushiba kuhubiri akiba. Basi twasema hivi: mama huyo asihesabiwe kama tajiri, lakini sehemu kubwa ya maandalizi haina bei. Kuandika namba za simu za jamaa kwenye karatasi hakugharimu kitu, nayo karatasi haiishiwi na moto kama simu ya mkononi. Kumwambia jirani siku ya kuondoka na siku ya kutazamiwa hakugharimu kitu. Mwenye ahadi ya Jumatano na daktari, akiwa na ndugu wa kumpokea, aondoke Jumatatu. Mwenye dawa za kunywa kila siku abebe zote, asibebe za siku moja, wala asiziweke katika mzigo uliofungwa juu ya gari. Chupa ya maji hujazwa nyumbani. Mihogo mikavu na konzi ya korosho hutoka nyumbani. Kanga ya pili iko nyumbani. Na yale ambayo mama huyo hawezi kabisa, deni lake latuhamia sisi tunaoweza.

Hapa ndipo twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa kawaida mtu hufikiri kwamba asiyejiandaa hujidhuru mwenyewe tu. Anasema, "Nikilala na njaa, tumbo ni langu." Sivyo. Basi moja huchukua abiria kama sitini. Linaposimama usiku mbele ya kijiji cha nyumba ishirini chenye kisima kimoja, ni kana kwamba kijiji kingine kimeshuka hapo, nacho kimekuja na midomo bila sufuria. Wenyeji watatoa, kwani ndiyo desturi yetu na ndiyo sifa yetu. Watatoa uji, watatoa mkeka, watatoa ndoo ya maji. Lakini unga ule ulikuwa umewekwa kwa ajili ya mtu. Abiria mwenye afya na fedha, ambaye angeweza kubeba masurufu yake akapuuza, amekula katika sahani ya mtoto asiyemjua.

Wahenga waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba ukarimu una kipimo, kwa sababu chungu kina mwisho. Basi kujiandaa kwa safari si ubinafsi, kama wengine wadhanivyo, wala si hofu tu. Ni haki kwa mwenyeji. Kila anayejitosheleza humwachia mwenyeji nafasi ya kumhudumia mama mjamzito, mzee na mtoto, ambao hawakuweza kujitosheleza.

Lakini tukisema hivyo, swali jingine latungoja. Je, yule aliyebeba ana haki ya kumnyima asiyebeba? Sote twaijua Injili ya wanawali kumi. Bwana arusi alikawia, taa za watano zikaanza kuzimika, na wale watano wenye busara hawakuwagawia mafuta yao. Wengi wamelikuta neno hilo gumu. Kwa mtazamo wetu, latukumbusha kwamba mafuta ni ya aina mbili. Yako mafuta yasiyogawanyika. Ukiwa na ugonjwa wa kisukari na sindano yako umeiacha nyumbani, jirani yako kitini hawezi kukupa afya yake. Ukiwa hukumwambia mtu unakokwenda, hakuna wa kukuazima ile habari uliyoinyamazia. Utulivu wa moyo nao hauazimwi: mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba gari laweza kusimama huanza kupiga kelele na kumsukuma dereva avuke maji, na kelele zake zaweza kuwaua watu. Mafuta hayo kila mtu abebe yake.

Yako pia mafuta yanayogawanyika: maji, mkate, shuka, salio la simu la dakika moja. Hayo yakiwa mkononi mwako na mwenzako hana, usimwulize kwa nini hakubeba. Huenda ni mzembe. Huenda ni yule mama aliyeuza ufuta. Usiku, njiani, huna njia ya kuwapambanua, wala hukuwekwa hapo kuwa hakimu. Ndiyo maana twasema mwenye uwezo asibebe kipimo chake tu. Abebe na cha mtu mmoja zaidi.

Na tuseme neno kwa wauzaji. Barabara ikikatika, bei ya chupa ya maji hupanda. Hatumlaumu kijana aliyekanyaga matope kilomita tano na katoni kichwani. Jasho lake lina ujira, naye apewe. Lakini kuna mpaka kati ya ujira wa jasho na ujira wa kiu ya mwenzako. Auzaye aweza kuujua mpaka huo kwa kujiuliza jambo moja: je, bei hii ningeweza kumtajia mama yangu, kama angekuwa ndani ya basi hili? Kama hawezi, basi amekwisha kuuvuka mpaka.

Wenye mabasi nao hawakwepi. Hawawezi kuyazuia mawingu, lakini waweza kusema kweli. Tahadhari ya hali ya hewa ikitolewa, abiria aambiwe kabla ya kulipa nauli, wala si baada ya gari kufika kwenye maji. Basi liwe na maji ya akiba na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye kitu ndani yake. Dereva anayekataa kuvuka maji asiyoyajua kina asitukanwe na abiria wala asikatwe mshahara na tajiri wake. Ameokoa roho sitini. Serikali kwa upande wake ndiyo yenye makalavati na madaraja, na haifai uvumilivu wa wananchi ugeuzwe kuwa kisingizio cha kuyaacha yabomoke. Kujiandaa kwa msafiri hakumfutii mjenzi wa barabara wajibu wake.

Turudi, basi, kwenye swali letu. Shida ya msafiri aliyekwama ni ya nani? Jibu letu ni kwamba ni ya wote, lakini kwa zamu. Kwanza ni yake mwenyewe, nyumbani, kabla hajafunga mlango. Kisha ni ya yule anayempakia na kupokea nauli yake. Kisha ni ya jirani yake kitini. Mwisho ni ya kijiji. Zamu ya kwanza ikirukwa, mzigo wote huwaangukia wa mwisho, nao mara nyingi ndio maskini kuliko wote.

Masika yatarudi, kwani hayajawahi kuacha kurudi. Msomaji wetu, utakapofunga mzigo wako, weka kwanza chakula cha siku ya safari kama ulivyozoea. Halafu simama kidogo, uongeze cha siku ya pili. Ukifika salama jioni ile ile, hukupoteza kitu: utakila nyumbani na watoto. Usipofika, huenda ukagundua usiku ule, chini ya mti, kwamba chakula kile hukukibebea tumbo lako. Ulikuwa umembebea mtu ambaye ulikuwa hujamjua.