Kiwele Kilichofungwa



 

Ndugu zangu wa Kanamkemer, na kina mama mlioko nyuma ya pazia, Ijumaa hii nazungumzia godoro. Naona wengine wanacheka. Chekeni, lakini nikiomba walioagiza kitu kwa simu kikaja kingine wainue mikono, sijui ni mkono wa nani utabaki chini.

Mambo huenda hivi. Mtu anaona picha: godoro la nne kwa sita, inchi nane, kitambaa cheupe, bei chini ya ile ya madukani hapa Lodwar. Anatuma pesa kwa M-Pesa. Mzigo unapakiwa Nairobi, unapita Kitale, unateremka Marich, unavuka Kainuk na Lokichar, unafika stendi ukiwa umekunjwa na kubanwa ndani ya nailoni. Analipa nauli ya mzigo, analipa boda, anachana nailoni na kukaa kusubiri livimbe. Linavimba kidogo, kisha linachoka. Kesho yake anachukua futi: inchi tano pembeni, na pale kati alipolaza kiuno pana shimo. Anampigia muuzaji. Simu haipokelewi. Jioni picha ya muuzaji kwenye WhatsApp haionekani tena, amemfungia.

Kabla ya hasira, tuwe waadilifu. Godoro lililonyonywa hewa halirudi umbo lake kwa dakika kumi. Lipe siku moja au mbili, lilaze mahali tambarare, kisha ndipo upime. Mtu asimwite mwenzake mwizi saa ile ile nailoni imechanwa. Lakini siku mbili zikipita na futi bado inasema tano, hapo pana neno, na neno hilo dini yetu ililisema kabla simu hazijazaliwa.

Ninyi mnaojua mnada wa mifugo mtalielewa upesi kuliko watu wa mjini. Zama za Mtume (S.A.W.), mtu akitaka kuuza ngamia au mbuzi alimfunga chuchu, akamwacha siku kadhaa bila kumkama. Siku ya soko kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Mnunuzi akiona hivyo anadhani kila siku ni hivyo. Anampeleka nyumbani, anamkama mara ya kwanza, chungu kinajaa. Mara ya pili, hakuna kitu. Bwana Mtume alikataza jambo hilo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, na akamwachia mnunuzi hiari akishamkama: akiridhika abaki naye, akichukia amrudishe. Riwaya nyingine imetaja siku tatu. Basi ile picha ya inchi nane, kama godoro lenyewe ni la inchi tano, ni kiwele kilichofungwa.

Ila tusikimbilie upande mmoja wa hukumu tukauacha wa pili. Mnunuzi anayemrudisha mnyama aliamriwa amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kwa nini, naye ndiye aliyedanganywa? Kwa sababu maziwa ameyanywa. Ametumia kitu cha mwenzake, na kudanganywa hakumpi ruhusa ya kula bure. Tazameni uadilifu huo ulivyo wa ndani: aliyedhulumiwa anapewa haki yake, na palepale anawekewa mpaka. Sasa wewe unayelalia godoro miezi miwili, watoto wamelikojolea, chai imemwagikia, halafu unadai pesa zako zote mpaka senti ya mwisho na nauli juu, pishi yako iko wapi?

Kwa hiyo ukiona kasoro, usilalie ukinung'unika. Lifunge tena, weka nailoni yake, piga picha ukiwa umeweka futi, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na lile tangazo ulilolinunulia. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo kwa maneno ya adabu: uliniambia hivi, imekuja hivi, naomba ubadilishe au unirudishie. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanakaza sana jambo hili, kwamba mwenye kugundua aibu ya bidhaa akaendelea kuitumia bila udhuru anaonekana ameiridhia. Serikali nayo haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kuelezwa ukweli wake. Ipo pia sheria ya 2012 ya kuwalinda wanunuzi, ambayo imetaja waziwazi mauzo ya mtandaoni. Kwa Kadhi tu msipeleke godoro. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi, na hayo yanamtosha.

Sasa nigeukie wale wanaopenda kumnyamazisha aliyepunjwa. Mtu akilalamika huambiwa: subiri ndugu yangu, Mtume alilalia jamvi. Ni kweli. Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kwamba godoro la Mtume lilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Sayyidna Umar (R.A.) aliingia kwake akaona alama za jamvi ubavuni mwake, akalia. Na hapa kwetu, mzee wa Kiturkana aliyelala juu ya ngozi, kigoda chake cha ekicholong chini ya kichwa, hakupungukiwa na heshima mbele ya mtu. Lakini Mtume alichagua jamvi lile mwenyewe. Hakuna aliyemuuzia godoro likageuka jamvi njiani. Na huyo huyo aliyelalia jamvi ndiye aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini amefunika yaliyolowa, na akamwambia mdanganyifu hayumo katika watu wake. Msimtumie Mtume wa jamvi kumfunika Mtume wa sokoni. Subira ni kwa lile usiloweza kulipata tena baada ya kulifuata kwa njia zake. Pesa zikishindikana kabisa, hapo ndipo useme inna lillahi, ulale, na moyo upumzike.

Ulimi nao una mpaka. Sura ya Nisaa imemwachia aliyedhulumiwa kuutaja wazi ubaya aliofanyiwa, basi taja. Sema nililipia inchi nane, nikaletewa tano, muuzaji amenifungia simu. Hayo ni maneno ya haki, tena yanawaokoa wengine. Ukiongeza kwamba watu wa kabila fulani wote ni wezi, au wenye duka wa dini fulani ndio tabia yao, umetoka kwenye haki yako ukaingia kwenye deni la watu ambao hawakukuuzia hata mto.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi, maana ndilo lililonifanya niseme leo. Kijana mmoja alinijia baada ya Alasiri, amepunjwa kama nilivyoeleza, akaniuliza: Ustadhi, je, nikilipeleka Kakuma nikamuuzia mtu kule? Kule kambini kwa wakimbizi watu wanahamahama, godoro haliwezi kukosa mteja, na kulifunika shuka nzuri si kazi. Alisema kwa upole, wala si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumia. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu aliyeumia hujiona amepata leseni. Kilomita 120 hivi kutoka hapa yuko mama aliyekimbia vita Sudan Kusini au Kongo, hana futi, hana pesa ya pili, naye ndiye tunataka apokee udanganyifu uliotoka Nairobi kupitia mkononi mwetu.

Imamu Ghazali katika Ihyaa anasimulia habari ya sahaba Wathila bin al-Asqa. Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, Wathila akiwa amesimama pale, mawazo yake mbali. Mnunuzi alipokwisha kuondoka naye, Wathila akashtuka, akamkimbilia akimwita: umemnunua wa nyama au wa safari? Akasema wa safari. Akamwambia, ana tundu kwenye wayo, nimeliona, hatastahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamgeukia Wathila kwa uchungu kwamba amemharibia biashara yake. Wathila akamjibu kuwa walimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Ngamia hakuwa wake wala fedha hazikuwa zake, na bado alikimbia.

Basi jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: unaweza kuliuza. Mwambie mnunuzi ni la inchi tano, kati limebonyea, mwonyeshe kwa mkono wake, na bei iende sawa na aibu yake. Hapo umeuza halali, na hasara iliyobaki mkononi ni mtihani wako wewe, si wa mtu wa Kakuma.

Nanyi mnaoagizia watu mizigo kwa makundi, mkikusanya pesa za majirani na kuzituma Nairobi au Eldoret, nina ombi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imehusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na ninyi hamna hata daftari. Najua Sura ya Jumuah imeturuhusu kutawanyika sala ikiisha tutafute riziki. Leo nyie msitawanyike. Tukutane pale kwenye birika la udhu, kila mmoja na simu yake, tuandike ni nani ametoa kiasi gani, ameahidiwa bidhaa ya kipimo gani, na isipofika hivyo ni nani atakayeirudisha.