Somo la 8: Hemani na Watoto Wake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Nyakati 6:31-33, 1 Nyakati 25:1-8, Zekaria 4:10, 1 Samweli 16:11-23, Wakolosai 3:21, Amosi 6:1-6, Ezra 3:10-13.

Fungu la Kukariri: Wakolosai 3:21. Lisomeni pamoja kama familia, na kila mmoja alikariri kutoka katika Biblia inayotumika nyumbani.

Jioni moja binti wa miaka tisa aliketi mbele ya kinanda kidogo ambacho baba yake alikinunua baada ya kudunduliza fedha karibu mwaka mzima. Alikuwa anajifunza wimbo mmoja kutoka Nyimbo za Kristo. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaujua, lakini kila alipoongeza mkono wa kushoto alikwama mahali palepale. Akarudia mara tano, mara kumi. Baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa amerudi kazini amechoka. Akasema kutoka sebuleni, “Fedha yote ile, na mpaka leo hujui hata wimbo mmoja?”

Binti hakujibu. Alizima kinanda, akakifunika kwa kitambaa, akaenda kulala. Kesho yake hakukigusa, wala kesho kutwa. Hakuna aliyemwambia aache.

Wazazi wengi tunatamani watoto wetu wajue kupiga kinanda, gitaa au tarumbeta, nao wamtumikie Mungu kwa ujuzi huo. Lakini kati ya siku ya kwanza na siku ambayo mtoto ataongoza wimbo kanisani kuna miaka ya makosa, kelele na kukata tamaa. Juma hili tutajifunza kile ambacho Biblia inawafundisha wazazi kuhusu miaka hiyo.

JUMAPILI

Nyumba ya Hemani

Soma 1 Nyakati 25:1-8. Ni nani waliowafundisha na kuwaongoza waimbaji wa hekalu?

Daudi alipopanga huduma ya nyimbo, hakuanza kwa kutafuta watu wenye vipaji mmoja mmoja. Alianza na familia tatu: ya Asafu, ya Yeduthuni na ya Hemani. Wana wa Asafu waliotajwa ni wanne, wa Yeduthuni sita, na wa Hemani 14. Jumla yao ni 24, na ndio walioongoza zamu 24 za waimbaji, kila zamu watu 12. Ndiyo maana idadi ya wote waliofundishwa na kuwa stadi ilifika 288.

Hemani alikuwa pia na binti watatu (fungu la 5). Na fungu la 6 linaeleza kwamba watoto hawa walihudumu kwa matoazi, vinanda na vinubi wakiwa chini ya uongozi wa baba yao. Baba hakuwakabidhi kwa mwalimu na kujiondoa. Alikuwa pamoja nao katika kazi hiyo.

Sasa soma 1 Nyakati 6:33 pamoja na 1 Samweli 8:1-3. Hemani alikuwa mwana wa Yoeli, mwana wa Samweli. Yoeli ndiye yule mwamuzi aliyependa fedha, akapokea rushwa na kupotosha hukumu, hata wazee wa Israeli wakaenda kumlalamikia Samweli. Kwa hiyo mtu aliyewalea watoto wengi namna hii katika nyumba ya Bwana alitoka katika nyumba yenye aibu iliyojulikana na taifa zima.

Ndugu mzazi, huenda hukulelewa kwa upole, wala hakuna aliyewahi kuketi kando yako ulipokuwa unajifunza jambo. Habari ya Hemani inaonyesha kwamba Mungu anaweza kuanza jambo jipya katika ukoo kupitia wewe.

Ni tabia gani ya malezi uliyoirithi ambayo ungependa iishie kwako? Utamwomba Mungu aweke nini mahali pake?

JUMATATU

Siku ya Mambo Madogo

Soma Zekaria 4:10 na 1 Nyakati 25:8. Mafungu haya yanasema nini kuhusu mtu aliye mwanzoni mwa safari?

Katika siku za Zekaria kulikuwa na watu waliodharau mwanzo mdogo wa kazi ya Zerubabeli. Mungu hakuudharau. Na katika siku za Daudi, zamu zilipangwa kwa kura bila kubagua mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Anayejifunza alipewa nafasi yake pamoja na aliyehitimu.

Kila ala ina siku zake za mambo madogo. Nyuzi za gitaa huumiza ncha za vidole katika majuma ya kwanza, mpaka ngozi ikomae. Midomo ya anayejifunza tarumbeta huchoka upesi, na sauti hutoka ikikwaruza. Kwenye kinanda, mikono miwili inatakiwa kufanya mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja, na hilo halitokei kwa juma moja. Mtoto anayekwama si lazima awe mvivu. Mara nyingi mwili wake bado unajifunza.

Hapa mzazi anaweza kusaidia hata kama hajui noti moja. Dakika 15 au 20 kila siku humfaa mtoto anayeanza kuliko saa mbili za Jumapili peke yake. Mzazi anaweza kulinda dakika hizo: kuzima televisheni, kumpunguzia mtoto kazi ya kuchota maji jioni ile, kupanga muda mwingine pale umeme unapokatika. Anaweza kumwambia, “Nionyeshe ulichojifunza leo,” kisha akasikiliza mpaka mwisho. Anaweza kuuimba wimbo huku mtoto akiupiga polepole, hata kama itabidi kusubiri katikati ya mstari.

Hii ndiyo namna ya kufundisha iliyo katika Kumbukumbu la Torati 6:6, 7: mzazi akiketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Mungu ameuweka ukuaji katika mambo yanayorudiwa kila siku.

Ni jambo gani dogo unaloweza kubadilisha nyumbani juma hili ili mtoto apate muda wake wa kujifunza?

JUMANNE

Yule Aliyekuwa Machungani

Soma 1 Samweli 16:11-23. Linganisha Yese katika fungu la 11 na Yese katika fungu la 20. Unaona tofauti gani?

Samweli alipofika Bethlehemu, Yese aliwapitisha wana saba mbele yake. Wa nane hakuitwa, kwa kuwa alikuwa anachunga kondoo. Nabii alipouliza ndipo akakumbukwa. Lakini kijana huyu alikuwa na jambo ambalo watu wa nje walikuwa wameliona. Mmoja wa watumishi wa Sauli alijua kwamba mwana wa Yese ni stadi wa kupiga kinubi (fungu la 18). Biblia haitaji mwalimu wake, wala haisemi alijifunza kwa muda gani. Tunajua tu kwamba ujumbe ulipofika kutoka kwa mfalme, ustadi ulikuwa tayari.

Safari hii Yese hakusita. Alimpakia punda mikate, kiriba cha divai na mwana-mbuzi, akamtuma Daudi. Kipawa cha mtoto kiligusa ghala na zizi la baba. Na kinubi kile kilichojulikana nyumbani kwa wachungaji kilimletea mfalme aliyeteseka nafuu.

Wako watoto katika makanisa yetu ambao bado wako “machungani.” Wanagonga mdundo juu ya meza, wanatafuta sauti ya wimbo kwenye chupa na makopo, nasi tunawaambia watulie. Na mara nyingi kinanda cha kanisa kimefungwa kabatini, ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtoto akikisogelea anafukuzwa asije akakiharibu. Kisha tunalalamika kwamba kanisa halina wapigaji.

Si kila mzazi anaweza kununua ala. Lakini kanisa linaweza kupanga saa moja Jumapili alasiri, chini ya usimamizi wa mtu mzima, ambapo watoto wa nyumba zote watajifunza kwa zamu kwenye ala ileile.

Je, katika kundi lenu kuna mtoto ambaye watu wa nje wameona kipawa chake kabla ya ninyi kukiona? Mtafanya nini?

JUMATANO

Wasije Wakakata Tamaa

Soma Wakolosai 3:21 na Waefeso 6:4. Paulo anawaonya akina baba juu ya hatari gani?

Paulo anafahamu kwamba mtoto anaweza kuvunjika moyo, na kwamba anayemvunja anaweza kuwa mzazi anayempenda. Hasemi kwamba mtoto asirekebishwe. Katika Waefeso anataja malezi na maonyo ya Bwana. Tofauti iko katika kile ambacho mtoto anakisikia ndani ya maneno yetu. “Rudia hapo polepole” ni rekebisho. “Fedha yote ile” ni deni, na mtoto hana cha kulilipa.

Turudi kwa yule baba. Majuma mawili yalipita ndipo alipoutambua ukimya wa nyumba yake. Alimwuliza mkewe kwa nini mtoto ameacha kinanda. Mama akajibu, “Hajaacha kinanda. Anakuogopa wewe.”

Usiku ule, katika ibada ya nyumbani, mzee huyu ambaye kila Sabato aliomba mbele ya kanisa zima alishindwa kuanza kuomba. Akamgeukia binti yake, akasema, “Mwanangu, nilikukosea. Nilihesabu fedha, sikukuhesabu wewe. Naomba unisamehe.” Binti aliinamisha kichwa, asiseme neno. Kinanda hakikufunguliwa usiku ule.

Siku ya tatu alikuja akasimama mlangoni. “Baba, utakaa?” Baba akavuta kigoda, akakaa. Binti akapiga, akakwama palepale. Baba hakusema neno. Binti akarudia.

Huenda mtoto wako ataomba kuacha kabisa. Msikilize kwanza. Pengine amechoka, pengine mwalimu ni mkali, pengine ala hiyo haimfai, au kipawa chake kiko mahali pengine. Mnaweza kukubaliana amalize muhula kisha mzungumze tena. Lakini ajue kwamba akiendelea au akiacha, nafasi yake moyoni mwako haibadiliki. Sauti ya Baba wa mbinguni kwamba anapendezwa na Mwanawe ilisikika pale Yordani kabla Yesu hajaanza kufanya miujiza (Mathayo 3:17).

Je, kuna mtoto unayedaiwa kumwomba msamaha? Ni nini kinachokuzuia?

ALHAMISI

Wanampigia Nani?

Soma Amosi 5:23 na 6:1-6. Kwa nini Mungu alikataa muziki uliopigwa vizuri?

Watu wa siku za Amosi hawakukosa ustadi. Walibuni vyombo vya muziki kama Daudi. Lakini walijilaza juu ya vitanda vya pembe, wala hawakuhuzunika kwa ajili ya mateso ya Yusufu. Muziki wao ulikuwa wa kujifurahisha wenyewe. Wana wa Yeduthuni, kinyume chake, walifundishwa kupiga kinubi katika kumshukuru na kumsifu Bwana (1 Nyakati 25:3).

Jaribu hili huanza mapema, na mara nyingi huanza kwa mzazi. Tunampeleka mtoto mbele ili watu waseme, “Mtoto wa fulani anajua!” Tunamlinganisha na mtoto wa jirani. Akikosea mbele ya kanisa, tunaona aibu kwa ajili yetu kabla hatujamhurumia yeye. Baadaye kijana akishakuwa stadi, anaitwa kupiga kwenye sherehe na kumbi, wakati mwingine katika saa za Sabato, kwa malipo mazuri. Siku hiyo atahitaji kuwa na jibu lililoota mizizi tangu utotoni kuhusu yule anayempigia.

Tumsaidie apate jibu hilo mapema. Apige wimbo kwa bibi aliye kitandani asiyeweza kufika kanisani. Apige kwenye ibada ya mazishi ya jirani. Mtoto aliyeona chozi la mgonjwa likitulia kwa wimbo wake amejua kwa sehemu kile alichokijua Daudi mbele ya Sauli.

Unapomsifu mtoto wako, unasifu nini zaidi: kushangiliwa kwake, bidii yake, au moyo wake wa kuhudumu?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Ezra 2:41 na 3:10-13. Karne nyingi baada ya Daudi, hekalu lilikuwa limebomolewa na watu walikuwa wametoka uhamishoni Babeli. Kati ya waliorudi walihesabiwa waimbaji 128, wana wa Asafu. Msingi mpya ulipowekwa, wao ndio waliosimama na matoazi. Katika vizazi vile vya uhamishoni hapakuwa na hekalu la kuhudumu, lakini ukoo ule haukupoteza wito wake. Tunaweza kuwaza ni wazazi wangapi waliofundisha huduma ambayo wao wenyewe hawakuiona ikifanyika.

Waanzilishi wetu pia waliupa wimbo nafasi ya mapema. James White alitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1849, miaka 14 kabla ya Konferensi Kuu kuundwa. Na Ellen G. White, katika kitabu Elimu kilichotoka mwaka 1903, alitenga sura nzima kwa ajili ya ushairi na nyimbo. Isomeni kwa pamoja.

Binti yule bado anakwama mara kwa mara. Kigoda cha baba bado kiko kando ya kinanda.

Maswali ya Kujadili:

1. Hemani alitoka katika nyumba ya Yoeli. Hili linawapa tumaini gani wazazi wanaoona kwamba wamechelewa?

2. Tunawezaje kutofautisha kumtia mtoto moyo na kumlazimisha atimize ndoto ambazo sisi hatukuzitimiza?

3. Ala za muziki za kanisa lenu zinatunzwaje? Jadilini mpango ambao utazilinda na wakati huohuo kuwapa watoto nafasi ya kujifunza.

4. Wako watoto ambao wazazi wao hawana uwezo, au hawapo kabisa. Ni nani katika darasa lenu anayeweza kukaa kando yao?