Aliyechelewa na Aliyecheleweshwa



Hapa Durban msimu wa hoki ya mashule huchezwa majira ya baridi na kumalizika karibu na mwezi wa Agosti. Msimu uliopita ulipokwisha, sisi wazazi na walezi tulialikwa kwenye kikao cha tathmini cha timu za vijana za shule moja ya hapa mjini. Watoto waliketi mbele, makocha mezani, na sisi nyuma. Zikasomwa mechi za kushinda, za kushindwa na za sare. Kisha ikasomwa orodha ya waliochelewa.

Binti mmoja, golikipa, alikuwa amechelewa Jumamosi tano. Kanuni ya timu inasema asiyewahi kupasha misuli hachezi, kwa hiyo mara zote tano alikaa benchi, na tatu kati ya mechi hizo timu ilifungwa. Ikapendekezwa kwamba msimu ujao nafasi yake apewe mwenzake, kwa ajili ya nidhamu. Tulipoulizwa maoni tukaitikia kwa vichwa. Kanuni si ni moja kwa wote? Binti huyo ni mtoto wa mama mwenzetu kutoka Bukavu, tunasalimiana naye kwa Kiswahili kila tukionana, na hata hivyo hakuna aliyefungua mdomo kumtetea.

Baada ya kikao tulimkuta mlangoni na begi lake. Tukamwuliza, kama wakubwa wanavyouliza, kwa nini halali mapema. Akajibu kwa adabu: "Papa, mimi saa kumi na mbili asubuhi niko Warwick tayari. Ni begi ndilo hawalitaki."

Jibu hilo lilitunyima usingizi, na Jumamosi moja tukaamua kwenda kujionea.

Msomaji asiyeijua Durban aelewe kwamba Warwick Junction ndipo mji unapofunguliwa kila asubuhi. Pana kituo cha treni cha Berea, vituo vya mabasi na vya teksi, yaani yale magari ambayo kwetu ni matatu au daladala, na masoko yaliyoshikana: mboga, shanga, dawa za miti shamba, vichwa vya ng'ombe vinavyochemka kwenye masufuria. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni wapita njia wapatao 460,000 kwa siku. Juu ya yote hayo zinapita barabara za angani. Sisi wenye magari tunapita huko juu tukiwapeleka wanetu uwanjani, tumefunga vioo, na kwa dakika chache tumeshavuka. Miaka yote tuliyoishi mji huu, kumbe Warwick tulikuwa tunaijua kwa juu tu.

Huko chini tuliona hivi. Binti anafika kwa teksi ya kutoka Isipingo. Anavuka soko kwa miguu hadi kituo cha pili, na mgongoni ana begi la golikipa: makinga miguu, kofia ya chuma, kinga ya kifua. Begi hilo lina ukubwa wa abiria mzima. Teksi haiondoki mpaka ijae, na ikijaa begi halina pa kukaa. Dereva wa kwanza anakataa, wa pili anadai nauli mbili, wa tatu anakubali ikiwa gari lake halina watu, naye huondoka mwisho. Hatuwalaumu madereva, kwani kiti kimoja kwao ni mkate wa siku. Lakini saa ya kocha, iliyosema kweli tupu kuhusu muda, haikusema lolote kuhusu binti huyu. Tulikuwa tumepima safari ya begi, tukaandika kwamba tumepima tabia ya mtoto.

Sisi tuliokula mkate wetu kwa uhandisi tulipaswa kulijua hilo mapema. Tulipokuwa wanafunzi ughaibuni tulifundishwa kwamba daraja likipata ufa huanzi kwa kumtafuta mwenye hatia. Unaanza kwa kuuliza mzigo umepita wapi. Na Warwick yenyewe ina somo. Kuna vipande vya barabara ya angani vilivyoachwa bila kumaliziwa, vikaning'inia hewani kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 manispaa ilikaa na wauza dawa za miti shamba, waliokuwa wakipanga bidhaa zao chini kwenye njia za watu, ikasikiliza wanavyofanya kazi, na soko lao likajengwa juu ya vipande hivyo hivyo. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kuwaita watu wale wachafuzi wa mji. Walipoulizwa, ikaonekana kwamba walichokosa ni mahali.

Hata hoki ya kwetu imewahi kuhukumiwa kwa namna hii. Mwaka 1971 Kenya ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona. Mwaka 1980 Tanzania ilifungwa na India mabao 18 kwa sifuri katika Olimpiki ya Moscow. Wako waliosoma namba kama hiyo wakahitimisha kwamba mchezo huu hatuuwezi. Namba ni ya kweli. Lakini nani alihesabu kwamba tangu Olimpiki ya Montreal ya 1976 hoki ya kimataifa ilikuwa inahamia kwenye nyasi bandia, ambazo ni ghali, na vijana wetu wakaendelea kujifunza kwenye nyasi za kawaida?

Mtu anaweza kutujibu, na jibu lake lina uzito. Wako watoto wengine waliodamka gizani wakafika kwa wakati, nao pia wana haki. Timu isiyo na kanuni si timu. Ukimhurumia mmoja leo, kesho kila mmoja atakuja na begi lake. Ni kweli, na ndiyo maana hatukwenda kumwombea binti huruma. Huruma ingemwacha na jina la mchelewaji, ila mchelewaji aliyesamehewa. Alichostahili ni sisi kusema kwamba tulikosea kuandika. Kanuni ibaki, lakini kabla haijageuka hukumu juu ya tabia ya mtu, yule anayehukumiwa aulizwe. Tathmini inayomhesabu mtoto bila kumwuliza ni hesabu ya nusu, na hatari ya hesabu ya nusu ni kwamba inafanana na hesabu kamili.

Tulirudi kwa makocha tukasema tuliyoyaona. Hawakubisha. Neno nidhamu likafutwa kwenye taarifa, na begi sasa litalala shuleni na kusafiri na vifaa vingine vya timu. Gharama yake ni ufunguo mmoja wa stoo. Msimu mzima hakuna aliyeufikiria, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Binti bado hajasema kama atarudi. Mama yake anatuambia amekuwa mkimya, na anaposikia habari za hoki huondoka sebuleni. Hatumlaumu. Siku ile sisi tuliokuwa nyuma, wenye lugha yake na umri wa wazazi wake, tuliitikia kwa vichwa mbele ya macho yake. Begi tumelipatia mahali. Hilo la vichwa vyetu bado tunamdai atusamehe, na deni la namna hiyo halidaiwi kwa haraka.