Sarafu ya Mfalme Asiyetawala

Katika sarafu za shaba za Ufaransa ya kale iko moja iletayo swali zito kuliko thamani yake. Jina lake ni double tournois. Sita zilifanya sou moja. Upande mmoja yaonyesha kichwa cha mfalme, upande wa pili maua matatu ya yungiyungi. Mfalme mwenyewe ameandikwa Charles X. Je, sarafu hii yasema uongo?

Mfalme Henri III alichomwa kisu na mtawa tarehe 1 Agosti 1589, akafa kesho yake, wala hakuacha mtoto. Mrithi kwa damu alikuwa Henri wa Navarre, naye alikuwa Mprotestanti. Chama cha Wakatoliki kilichoitwa Ligi, kilichoshika Paris na miji mingine mingi, kikamkataa, kikamtangaza ndugu ya baba yake, Kardinali Charles de Bourbon. Lakini mzee huyo alikuwa kifungoni tangu Desemba 1588. Hakuketi katika kiti cha enzi hata siku moja, akafa tarehe 9 Mei 1590 angali mfungwa. Hata hivyo Ligi iliendelea kupiga fedha kwa jina lake miaka kadhaa! Mwaka 1593 wajumbe walikutana Paris wapate kuchagua mfalme mwingine, wasipatane. Basi jina la marehemu likawafaa.

Walioagiza sarafu hiyo walijua walitendalo, na kwao naliita uongo. Lakini mama aliyeitoa apate mkate, je? Tangu Mei hata mwisho wa Agosti 1590 Henri aliuzingira mji wa Paris, na watu maelfu walikufa kwa njaa. Kumwambia mwenye njaa aikatae shaba kwa sababu ya jina lililo juu yake ni kumtwika mzigo ambao wakubwa hawakuugusa. Hata wale waliomletea Bwana wetu dinari walikuwa nayo tayari, ingawa si wote waliompenda Kaisari.

Basi mkusanyaji wa sarafu aiweke wapi? Akiiweka katika safu ya wafalme, amemtawaza Kardinali. Akiitupa pamoja na fedha bandia, amekosa pia, maana ilipigwa waziwazi katika miji, ikapita sokoni. Naona afadhali aiweke mahali pa miaka yake, na chini yake kikaratasi: jina la Kardinali, amri ya Ligi, na mwaka ukiwa bado wasomeka, kwa kuwa shaba huchakaa upesi. Kikaratasi hicho ni kitu kidogo, lakini ndipo uaminifu wake mwenyewe unapopimwa, hasa siku ya kuuza. Maana Henri aliingia Paris tarehe 22 Machi 1594, na Kardinali hakuhesabiwa tena. Hata mwaka 1824 ndugu yake Louis XVIII alipotawala, yeye ndiye aliyeitwa Charles X. Mnunuzi asiyejua habari hizo aweza kudhani kwamba ameshika sarafu ya huyo wa pili, na muuzaji aweza kunyamaza.