Wema wa Kwenye Daftari

Jumamosi moja asubuhi, jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki pembezoni mwa Dar es Salaam ilimaliza sala ikafika kwenye mengineyo. Muuza vitumbua wa mtaa ule alikuwa amegongwa na bodaboda, mguu umevunjika, na jirani yake aliomba apewe chochote kutoka mfuko wa jumuiya. Katibu akafunua daftari la mahudhurio. Safu ya mama huyo ilikuwa tupu tangu Kwaresima. "Huyu si mwanajumuiya hai," akasema, na kikao kikafungwa kwa Salamu Maria.

Hahudhurii kwa sababu jumuiya husali saa 12:30 asubuhi, saa ileile wateja wanapomzunguka kabla ya kudandia daladala. Yeye huwa ameamka saa 9 usiku, akoroge uji wa mchele uliokwisha kuumuka, aweke chuma jikoni, tundu kwa tundu atie mafuta.

Maana ya wema haikuwa na mgogoro. Paulo, katika barua kwa Wagalatia, anautaja utu wema miongoni mwa matunda ya Roho, na hakuna aliyempinga. Jumuiya zenyewe, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, zilikusudiwa ziwe Kanisa la watu wanaojuana kwa majina na kwa shida zao.

Kinachokera ni utetezi wa uamuzi ule. Mzee mmoja aliutetea kwa Maandiko: Paulo huyohuyo aliwaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Kauli hiyo imetembea kuliko mtume mwenyewe. Kapteni John Smith aliitumia kuwabana walowezi wavivu wa Jamestown, Virginia, mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1936 ikaingia katika ibara ya 12 ya katiba ya Umoja wa Kisovieti, dola iliyokuwa ikifunga makanisa. Aya inayomfaa kapteni wa kikoloni ikimfaa na Stalin, ni haki kuuliza imeng'olewa wapi.

Imeng'olewa katika barua iliyowalenga watu walioacha shughuli zao wakabaki kuzurura na kujiingiza katika mambo ya wenzao. Paulo, fundi wa mahema, aliwakemea hao. Mistari michache mbele anawasihi waliobaki wasichoke kutenda mema, ila mzee hakufika huko. Na hata pale alipoishia, aya inamhusu vipi mtu aliyeamka saa 9 usiku? Kosa la mama huyu ni kufanya kazi wakati wenzake wanasali. Karipio la wavivu likageuzwa adhabu ya watoro. Halafu ikaongezwa ile nyongeza isiyokosekana, kwamba akipewa leo atazoea, kana kwamba mguu uliovunjika unazoeleka. Hoja hii haijawahi kumgharimu anayeitoa. Hakuna anayeinukuu harusini akiwa mbele ya sahani ya pilau.

Zipo hoja za haki zaidi. Mfuko ule unachangwa na watu ambao nao wanabangaiza, na usipolindwa utakauka. Bima ya afya, pia, ingemfaa mama huyu kuliko bahasha.

Lakini hoja hizo hazisemi kwamba msaada ni wa wanachama tu, na ushahidi mtamu kuhusu wema wa Wakristo wa kale uliachwa na mtu aliyewachukia. Kaisari Julian alilelewa katika Ukristo, akauasi, na katika utawala wake mfupi wa 361 hadi 363 alijaribu kuirudisha Roma kwa miungu ya zamani. Alimwandikia Arsacius, kuhani mkuu wa Galatia, akilalamika kwamba "Wagalilaya", jina alilowaita Wakristo kwa dharau, wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia. Akaagiza kila mji uwe na nyumba za wageni, akatenga vipimo 30,000 vya ngano kwa mwaka: sehemu ya tano kwa maskini wanaowahudumia makuhani, iliyobaki kwa wageni na ombaomba. Wakristo kusaidiana wao kwa wao kusingemkosesha usingizi, maana chama chochote hufanya hivyo. Kilichomtisha ni chakula kilichowafikia wasio wanachama.

Hata hivyo, anayemtetea muuza vitumbua asishangilie mapema, kwa kuwa Kanisa la mwanzo nalo lilikuwa na orodha. Barua ya kwanza kwa Timotheo inataka mjane aandikwe akiwa ametimiza miaka 60, na inaonya Kanisa lisielemewe. Anaweza kujibu kwamba orodha ile ilihusu matunzo ya kudumu, wala si msaada wa dharura. Jibu hilo lina uzito. Ila barua inadai pia matendo: mjane awe amekaribisha wageni na kuwasaidia wenye dhiki. Matendo yakishakuwa sharti, lazima apatikane wa kuyahesabu, na barua haisemi ayahesabu vipi ya mtu anayewakopesha vitumbua watoto wa shule kila asubuhi na hajawahi kulitaja hilo mbele ya jumuiya.