Nahodha wa Manowari na Mizani ya Haki

Apitaye Kengeleni huuona mnara wa kengele ya Frere Town, ingawa aghalabu hautazami. Mji huu uliasisiwa mwaka 1875 na wamisheni wa C.M.S. uwe makao ya watu waliookolewa utumwani. Ulipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kudai mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Sultani Barghash aliutia sahihi mwaka uo huo. Walakini mkataba ni karatasi, na karatasi haikamati jahazi. Kazi hiyo ilikuwa ya maofisa wa manowari za Kiingereza. Je, tendo jema hubaki jema ikiwa njia yake yamdhulumu asiye na hatia?

Tumtazame George Lydiard Sulivan. Alifika pwani hii akiwa kijana mwaka 1849 katika manowari Castor. Akarudi miaka ya 1860 akiwa mkuu wa Daphne. Kisha akakabidhiwa London, merikebu kuukuu ya mbao iliyotiwa nanga Unguja, ambayo mashua zake zilivizia majahazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1873 alisimulia aliyoyaona: watu waliokonda, waliobanwa hata miguu ikakataa kunyooka. Ni nani awezaye kumlaumu kwa kuwaokoa?

Lakini liko jambo jingine. Mabaharia walilipwa tuzo kwa kila mtumwa waliyemwokoa. Na jahazi lililohukumiwa kuwa la watumwa, hata likikutwa tupu, lililipiwa kwa tani zake. Jahazi lisiloweza kukokotwa hadi mahakamani lilipimwa, likachomwa pale pale baharini, na shahidi mkubwa akabaki yule yule aliyelitia moto. Dalili zenyewe zilikuwa maji mengi, mchele mwingi, mikeka, mbao za kutandika sakafu ya pili: vitu ambavyo hata jahazi la abiria laweza kuvichukua. Wafanyabiashara walilalamika kwamba vyombo vyao vya halali viliteketezwa. Mimi sioni kosa katika mkono wa nguvu, kwani mwiza watu hakuacha kwa kubembelezwa. Kosa naliona katika tuzo, iliyomfanya mwenye kuamua awe pia mwenye kufaidika.

Atatokea mwenye kusema kwamba nahodha akingoja ushahidi kamili, watu watauzwa. Hoja hiyo si nyepesi. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa London wakati huo, alilikaribia jahazi karibu na Pemba kwa mashua ya moshi. Jahazi lilipeperusha bendera ya Ufaransa, na Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kulipekua. Basi alitaka kutazama hati tu, wala hakuwaweka watu wake tayari kwa vita. Jahazi lilikuwa na watumwa. Lilimpokea kwa risasi, akapigana mpaka akafa kwa majeraha mengi.

Hata hivyo naona tofauti. Hatari ya hadhari Brownrigg aliichukua mwilini mwake na mwa watu wake wachache. Hasara ya jahazi lililochomwa ilimwangukia nahodha ambaye hakuulizwa neno. Hindi bin Khattam, mkuu wa lile jahazi, aliandamwa Pemba na askari wa Sultani chini ya Lloyd Mathews, akakamatwa akiwa amejeruhiwa, akafa. London iliendelea kukaa bandarini Unguja hadi 1883.